Watoto Niliowazeesha Januari

Wapendwa, amahoro. Asante pasta kwa nafasi hii, ingawa tangu jana nimekuwa nikiomba unisahau. Nimekaa pale kwenye benchi la nyuma nikisikiliza shuhuda za wenzangu. Mmoja ametoka katikati ya risasi, mwingine amevuka ziwa na watoto wake kwenye mtumbwi uliokuwa unaingiza maji. Mimi miaka ile ya vita sikuguswa na risasi. Nililala kitandani, nilikula samaki wa mukeke, nilikuwa hata na mwavuli wa maua. Ushuhuda wangu ni wa aibu, na aibu yenyewe iliingia kwa mlango wa ordinateri, kompyuta mnavyoiita siku hizi. Mkicheka, chekeni, kuna mahali hata mimi nitacheka. Sitataja jina la mtu. Jina ninaloruhusiwa kulichafua hapa ni langu peke yake, na hilo mnalijua.

Wazee wa hapa Rumonge wanamkumbuka baba yangu, mvuvi aliyetoka upande wa Uvira, na mama yangu aliyekuwa anauza mawese sokoni. Walinisomesha sekretaria Bujumbura kwa mikono iliyonuka samaki na mafuta, nami nikarudi nikiwa sitaki kunuka kitu. Hapo ndipo kuanguka kwangu kulipoanzia. Msifikiri kulianza na mashini.

Niliporudi nilipata kazi katika shirika moja lililokuwa linagawa unga wa uji katika kambi ya Minago. Mnaikumbuka ile kambi. Watu waliokimbia vilima vyao, wengi wao wa Kizuka, walikuwa wamebanana pale kando ya ziwa chini ya shiti za plastiki. Unga ule wa mahindi na soya ulikuwa wa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Mtoto akitimiza, anatoka kwenye orodha. Sheria haikuwa yangu, lakini mtu wa kuitunza orodha nilikuwa mimi.

Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa na ordinateri moja na jenereta lililowashwa asubuhi tu. Kuigusa mashini ile kulikuwa haki yangu peke yangu. Niliifunika kwa kitambaa cha kudarizi, nikamkataza hata mfagiaji asipite karibu nayo. Nikienda sokoni nilishika disketi mkononi, hata siku ambazo disketi yenyewe haikuwa na kitu ndani. Watu wakaanza kuniita Madamu Ordinateri. Siku moja mama yangu mzazi aliniita vile mbele ya wachuuzi wenzake: "Madamu Ordinateri, kuja unisaidie hii bido ya mawese, mugongo inauma!" Nilipita kando ya lile dumu kama mtu ambaye hakusikia. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Ndugu zangu, nawaambia, ningekuwa na akili ningetubu siku ileile na mengine yasingenipata.

Sasa nieleze kidogo mambo ya mashini, na ninyi mliozaliwa na simu mkononi mnivumilie. Orodha ya watoto ilikuwa katika karatasi ya hesabu ndani ya ordinateri. Jina, tarehe ya kuzaliwa, umri, kilo za unga. Umri sikuuandika kwa mkono. Niliweka hesabu inayotazama tarehe ya leo, inapunguza humo tarehe ya kuzaliwa, inakuambia mtoto ana miaka mingapi. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimesoma kitabu kinene cha Kifaransa na nilitaka kijulikane kwamba nimekisoma, nikatengeneza makro. Makro ni amri unazoiachia mashini, iwe inazifanya yenyewe bila kukuuliza. Amri yangu ilisema hivi: kila faili hii ikifunguliwa, tafuta mtoto aliyetimiza miaka mitano, mfute, piga hesabu ya kilo upya, hifadhi.

Shefu wangu alipoona faili inajisafisha yenyewe alipiga makofi. Mimi nikavimba.

Kulikuwa na kaka mmoja Bujumbura, ndiye aliyepokea orodha za kambi zote na kuagiza lori lipakiwe. Tulikuwa tunaongea naye kwa foni, ile redio ya kubonyeza kisha unasubiri zamu yako. Akaniambia kwa adabu kabisa: "Dada, faili yako ni nzuri. Lakini ukinitumia, unitumie nakala ya majibu tu. Hesabu zibaki kwako, makro zibaki kwako. Mimi nataka namba vile wewe uliziona." Nikamjibu "bien reçu," nimekupata, nikaweka chini kile chombo, nikamgeukia shefu nikamwambia, "Huyu ana wivu." Mwezi ule nikatuma faili nzima, na makro yake ndani, ili waone. Mwezi uliofuata nikafanya vilevile.

Na sasa niwaombe kitu. Fungueni mikoba yenu, tazameni karangamuntu zenu, vile vitambulisho. Ni wangapi humu wameandikiwa mwaka tu, bila siku wala mwezi? Eeh, naona mikono. Hivyo ndivyo tulivyo. Kule Minago pia, fishi, zile kadi za familia, zilikuwa na mwaka tu. Lakini hesabu yangu ilitaka siku na mwezi, bila hivyo inakataa. Ningeweza kwenda kuuliza akina mama. Minago si mbali, na gari la biro lilikuwepo. Sikwenda, kwa sababu kule kulikuwa na tope na moshi, na watoto wa kambi walikuwa wananishika sketi. Nikakaa pale pale kwenye kiti changu, nikawaandikia watoto wote siku moja ya kuzaliwa: Januari mosi. Kambi nzima, wapendwa. Watoto wote wa Minago walizaliwa Mwaka Mpya.

Chekeni, nimewaruhusu.

Tulianza kugawa baada ya mavuno ya Juni, na miezi yote ile mpaka Desemba hakuna mtoto hata mmoja aliyefutwa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilijipongeza kwamba orodha yangu haina makosa.

Desemba nikatengeneza orodha ya ugawaji unaofuata, nikampa dereva disketi aipeleke Bujumbura. Alifika Gitaza, njiani, akakuta magari yamepigwa risasi mbele yake, barabara imefungwa, akageuza. Disketi ikalala ndani ya gari lake Noeli yote na Mwaka Mpya. Ilipokuja Januari, magari yakaruhusiwa kwenda pamoja na askari, disketi ikafika Bujumbura. Yule kaka alikuwa amekwenda kuzika nyumbani kwao. Mwingine aliyeshika nafasi yake akafungua faili yetu, mashini ikamuuliza kama aruhusu makro, akaona ni faili ya kila mwezi, akaruhusu. Hana kosa yule. Makro ikatazama tarehe ya leo, ikakuta Januari imeshaingia, na watoto wote walioandikiwa mwaka mmoja wa kuzaliwa wametimiza miaka mitano siku ileile. Ikawafuta wote. Ikapunguza kilo. Ikahifadhi. Orodha ikapigwa chapa na muhuri, unga ukapakiwa kulingana nayo. Kwa macho ilikuwa orodha safi tu, haina hata mkwaruzo.

Siku ya kugawa nilikaa kwenye meza pale Minago, chini ya hema, na ile karatasi yenye muhuri. Utaratibu wetu ulikuwa kusoma majina kilima kwa kilima. Nilisoma kwa sauti yangu ya shule, nikifungua karatasi kwa ncha za vidole. Nilipomaliza watu wa Kizuka, mama mmoja akasimama mbele yangu na mtoto ubavuni.

"Madamu, mutoto yangu umemuruka."

"Jina halipo."

"Halipo namna gani? Ile mwezi ingine ulimuita, nikapata bunga."

Nikatazama tena. Halikuwepo. Nikatafuta fishi yake katika sanduku, nikaona mwaka, nikapiga hesabu kichwani. "Mtoto wako ametimiza miaka mitano. Amemaliza."

"Nani alikuambia?"

"Mashini."

Wapendwa, yule mama alimtoa mtoto ubavuni akamsimamisha juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu. Miguu ilikuwa kama miiko ya kusongea bugali, na tumbo mbele. "Basi umuulize," akasema. "Umuulize kama amezeeka. Huyu nilimuzaa tukivuna maharage, jua kali. Hiyo miaka mitano ameifikishia wapi? Mu njia tukikimbia?"

Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, kilichoniuma ni kile kicheko. Nikamwambia, "Mama, shusha mtoto, ananichafulia karatasi."

Nimesema maneno mengi katika maisha yangu. Neno hilo sijui nitalifanya nini. Kicheko kilikatika palepale. Yule mama akamshusha mtoto taratibu, akampangusa nyayo kwa kitenge chake, nyayo zilizokuwa zimekanyaga karatasi yangu, kana kwamba kweli yeye ndiye mwenye kosa. Nyuma yake wakasimama wengine, na wengine tena, wote wakiwa na watoto wa umri uleule, na mimi nikiwajibu kila mmoja jibu lilelile. Unga ukaisha sawasawa na karatasi. Nikapanda gari nikarudi Rumonge, hata sikugeuka nyuma.

Kesho yake asubuhi jenereta lilipowashwa nilifungua faili yangu, ambayo sikuwa nimeigusa tangu Desemba, ili nimwonyeshe shefu kwamba akina mama wa Minago wanadanganya. Nikamketisha kando yangu. Orodha ikatokea ndefu, majina yote yamo, nikaanza kunyoosha kidole. Halafu mbele ya macho yetu ikaanza kujikunja. Mistari ikawa inaondoka, mmoja mmoja, kisha haraka, na ile iliyobaki ikapanda juu kujaza nafasi. Jina la mtoto aliyesimama mezani kwangu nililiona kwa sekunde moja, kisha halikuwepo. Shefu hakupiga makofi. Aliniuliza swali moja tu: "Wote wamezaliwa Januari?"

Nilitoka nje nikajificha nyuma ya jenereta nikalia, kwa kuwa pale kelele ni nyingi, hakuna anayekusikia. Sikulia kwa ajili ya watoto bado. Nisiwadanganye humu ndani ya nyumba ya Mungu. Nililia kwa sababu ningechekwa.

Na kweli nilichekwa. Foni haina siri. Ukiongea na Bujumbura, vituo vyote vya kusini vinakusikia. Yule kaka alikuwa amerudi kutoka mazikoni. Nilipomweleza hakuniambia "nilikuambia." Aliuliza, "Wangapi wameachwa?" Nikamwambia ni wote waliozaliwa mwaka mzima mmoja. "Una tarehe zao za kweli?" Nikasema hapana, wote ni Januari mosi. Ndipo kutoka kituo kimoja nisichokijua sauti ya mwanaume ikasema, "Bonne année!", heri ya Mwaka Mpya, na redio nzima ikalipuka kwa kicheko. Baada ya siku chache sokoni kote walikuwa wananisalimia hivyo. Bonne année, madamu. Ilifika mwezi wa tatu, bado Bonne année. Mama yangu alikuwa kwenye meza yake ya mawese, ameinamisha kichwa anapanga chupa. Hakuna aliyemtania yeye, lakini alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu.

Niliandika karatasi ya kuacha kazi. Shefu akaisoma, akanirudishia. "Utaacha kazi wakati batoto bamerudi mu liste," akasema. "Mbele ya hapo, wapi, sikubali."

Yule kaka wa Bujumbura alikuwa ameniambia kitu kimoja kabla hatujafunga redio: "Mashini yako imekwisha kuwafuta. Hatuna pa kuzitoa tarehe zao za kweli ila kwa mama zao." Kwa hiyo nilirudi Minago. Safari hii sikuchukua meza. Nilivaa kandambili. Nilipoingia kambini watu waliniona, wakarudi kwenye kazi zao. Afadhali wangenitukana. Nilisimama katikati ya mahema na fishi zangu mkononi, sijui nianzie wapi.

Aliyeniita ni yule mama wa Kizuka. Alikuwa amekaa mlangoni kwake anamenya mihogo. Akasogea akaniachia nafasi kwenye mkeka.

"Ikala," akasema. "Andika."

Nikasema, "Mama, yale maneno ya siku ile..."

"Maneno unaweza kupika?" akanikatiza. "Andika mutoto."

Akawaita wenzake. Wakaja wakakaa. Nikawa namuuliza kila mmoja, si mwaka, bali ilikuwa wakati gani. Wakanijibu. Huyu nilimuzaa juma la kupanda mahindi. Huyu, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku ule. Huyu ni wa Pasaka. Huyu nilimuzaa mu shamba ya ngazi, chini ya michikichi, siku ya pili ya kukimbia, jirani akakata kitovu na panga ya kuvunia. Nilikuwa naandika mwezi wa kila mmoja. Mpaka siku hiyo wale watoto walikuwa kwangu mistari. Hapo kwenye mkeka ndipo nilipogeuka, wapendwa. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia harufu ya mihogo, na nikaona kwamba karibu kila mtoto niliyemfuta alikuwa bado na miezi mingi ya kula.

Mama mmoja hakuja kukaa nasi. Alijibu akiwa amesimama pembeni, mtoto amefungwa mgongoni, kichwa kimelala. Aliniambia ni wa wakati wa kuvuna mpunga. Nikamuuliza kama mtoto anaumwa. Akasema ni joto tu, malaria, atampeleka santé, kituo cha afya. Nikaandika.

Nilirudi biro na orodha mpya, na kumbe barabara imefungwa tena. Hakuna disketi itakayopita. Nikafungua foni, nikiwajua vizuri wanaosikiliza, nikamwambia yule kaka, "Nifundishe ile nakala ya majibu." Nilisema kwa sauti kubwa. Nilitaka wote wasikie kwamba sijui.

Akasema, "Una kalamu? Chagua orodha yote. Copier, nakili. Sasa fungua faili mpya, tupu, ambayo haijui kitu. Usibandike hivihivi. Tafuta Collage spécial, halafu Valeurs, yaani majibu tu. Nakusubiri."

Nikafanya. Tarehe zote za kuzaliwa zikageuka namba kubwa za ajabu, maelfu kwa maelfu. Nikapiga kelele kwenye redio, "Zimeharibika! Zote zimeharibika!"

"Hazijaharibika," akasema. "Umezivua nguo tu. Ndani ya mashini tarehe ni namba. Zivalishe tena: Format, Cellule, Date."

Vituo vikacheka, na mimi nikacheka na machozi. Nikazivalisha. Zikarudi Juni, Machi, Oktoba, miezi ya kweli.

"Sasa bonyeza juu ya umri wa mtoto mmoja, yeyote. Tazama ule mstari wa juu. Unaona nini?"

Nikambonyeza yule wa mezani. "Naona nne."

"Unaona hesabu?"

"Hapana. Nne tu."

"Basi huyo atabaki nne hata faili ikilala ndani ya gari mwaka mzima. Hifadhi kwa jina jipya. Ile ya zamani na makro zake ibaki kwako, usiifute, utajifunzia makosa. Na dada, sikiliza. Hata ungenitumia hii Desemba, kosa la Januari lingekuwepo. Ila lingekutokea wewe kwanza, hapo kwenye kiti chako, kabla ya lori kupakiwa. Ndiyo maana niliomba."

Ndugu zangu, nilikuwa nimemwita mtu huyu mwenye wivu.

Kwa kuwa disketi haikuwa na njia, akaniambia nimsomee. Majina hayakuruhusiwa kwenye redio wakati wa vita, kwa hiyo nilisoma namba za kadi, umri, na kilo. Namba ya kadi, nne, kilo. Namba ya kadi, nne, kilo. Yeye anaandika upande wa pili, anarudia, mimi nahakikisha. Mwanzoni kuna mmoja aliyejaribu mzaha wake wa Mwaka Mpya, wenzake wakamnyamazisha. Vituo vikatuachia redio asubuhi nzima, na nilipokauka koo mmoja aliingia akasema kwa upole, "Kunywa maji, madamu, tunangoja." Siku barabara ilipofunguliwa, lori lilikuwa limekwisha kupakiwa, likaondoka na magari ya kwanza.

Unga ulifika Minago. Yule mtoto wa Kizuka alipata. Nilimpimia mwenyewe, na mama yake akafunga mfuko bila kunitazama, ni haki yake. Miezi iliyofuata tumbo lilirudi ndani na miguu ikapata nyama, na akawa mtoto msumbufu kabisa, wa kurusha mawe kwenye paa la gari letu. Nikisikia jiwe linagonga bati nilikuwa nafurahi. Aliendelea kupokea unga mpaka Juni yake ya kweli ilipofika.

Lakini siku ile ya kugawa nilisoma jina moja na hakuna aliyejibu. Nikalisoma tena. Mtu akaniambia chinichini, "Huyo alikufa, madamu. Wiki iliyopita." Alikuwa yule wa mgongoni, wa wakati wa kuvuna mpunga.

Santé walisema ni malaria. Watu wote walisema malaria. Labda ni malaria. Mtoto aliyekula uji na mtoto ambaye hakula uji hawapigani na malaria kwa nguvu zilezile, na hilo halihitaji kitabu kinene. Sijui, wapendwa. Nimemwomba Mungu anijulishe, ama hivi ama vile, na hajanijulisha. Nimesimama hapa kama mtu aliyeshinda aibu yake, na nyingi kweli nimeishinda: naweza kubeba bido ya mawese sokoni katikati, nilimbebea mama yangu mpaka alipofariki, naweza kusema sijui mbele ya watu. Hii moja sijaishinda. Naja nayo kanisani na narudi nayo.

Nawashukuru walioniinua. Namshukuru shefu aliyekataa barua yangu. Namshukuru kaka wa Bujumbura, ambaye hakutumia nafasi yake ya kunicheka. Namshukuru mama wa Kizuka kwa sehemu ya mkeka wake. Na wale wa redio, popote mlipo, asanteni hata kwa mzaha.

Kwenu vijana mnaofanya kazi na mashini, ninawaambia hivi. Zitumieni, mimi bado ninazitumia. Lakini unapotuma kitu ambacho mtu mwingine atapata chakula au atakosa kwa hicho, tuma kile ulichokiona na kukisimamia mwenyewe. Kile kinachojiamulia kikishafika mbali, kiondoe kwanza.

Na namshukuru mama mmoja wa mwisho. Nilikwenda kwake baada ya siku kupita, yule aliyefiwa. Nilimweleza yote, Januari, makro, lori, nikitumia maneno mepesi, nikiwa nimepiga magoti. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anifukuze. Akaniuliza:

"Na jina yake, ilirudi mu karatasi?"

Nikasema ndiyo, lilirudi.

"Basi usiitoshe tena," akasema.

Sikulitosha, sikulitoa tena. Kila mwezi, mpaka biro ilipofungwa na sisi tukatawanyika, nilitengeneza nakala ya majibu tu, bila hesabu, bila makro, na jina lile lilikuwa ndani yake mahali pake, kati ya watoto wa kilima chake. Upande wa kilo niliandika sifuri kwa mkono wangu. Bujumbura hawakuniuliza kwa nini. Murakoze, asanteni. Muniombee, ninarudi kukaa.